Duka la Baba, Jasho la Mwana: Tuandikiane Tukiwa Hai

Sifa zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu (S.W.), Mola wa viumbe wote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), ambaye hata kabla ya kupewa utume alikuwa mfanyabiashara aliyeaminiwa na watu kwa mali zao, pamoja na jamaa zake na masahaba zake.

Ndugu Waislamu, tarehe 3 Desemba 2023 tope na mawe viliporomoka kutoka Mlima Hanang na kuingia katika mji wa Katesh na maeneo ya jirani, yakiwemo Gendabi na Jorodom. Zaidi ya watu 80 walipoteza maisha. Nyumba, maduka na bidhaa vilifukiwa katika muda mfupi sana. Tunamuomba Mwenyezi Mungu awape subira waliofiwa. Lakini msiba wa namna ile humuachia kila mwenye duka, kuanzia Katesh hadi Haydom, swali asiloweza kulikwepa: lau siku ile ingekuwa yangu, ni nani katika nyumba yangu angejua ninamdai nani, ninadaiwa na nani, na kati ya hawa wanaofanya kazi nami, ni yupi mwenye haki gani katika mali hii?

Tunaliuliza swali hili kwa sababu limekuwa chanzo cha mfarakano ndani ya nyumba nyingi za waumini katika wilaya zetu za Mbulu na Hanang. Biashara nyingi za Waislamu huku kwetu ni za kifamilia. Ni duka la jumla, mashine ya kusaga, ghala la mazao, gari la mizigo au hoteli ya chakula. Baba ndiye mwanzilishi, mama ndiye mshauri asiyetajwa, na watoto ndio wafanyakazi. Kwa miaka mingi mpango huu uliendeshwa bila maswali. Sasa maswali yapo. Mzee analalamika kuwa vijana wa leo ni wavivu na hawana adabu. Kijana naye analalamika kuwa mzee anamfanyisha kazi bila ujira, bila mapumziko na bila kumwambia chochote. Malalamiko haya huanzia dukani, yakafika mezani, na mwisho huletwa kwa imamu yakiwa yamekwisha kuwa uadui.

Si uadilifu kumhukumu yeyote kabla ya kumsikiliza. Basi tuanze na wazee.

Mzee aliyefungua duka lake Mbulu au Katesh katika miaka ya 1970 hakufanya biashara katika nchi tunayoiona leo. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilikuwa limekwisha kumtia mfanyabiashara binafsi katika mashaka ya unyonyaji. Mwaka 1976 ikaja Operesheni Maduka, ambapo maduka ya watu binafsi vijijini yalifungwa ili nafasi yake ichukuliwe na maduka ya ujamaa. Mwaka 1983 ikaja kampeni dhidi ya wahujumu uchumi, na wafanyabiashara nchi nzima walikamatwa kwa kukutwa na bidhaa ambazo leo hata mtoto hupanga rafuni bila hofu: sabuni, sukari, khanga na mafuta ya kupikia. Mlango wa biashara ulianza kufunguliwa upya kuanzia katikati ya miaka ya 1980, hasa baada ya mwaka 1986.

Mtu aliyepita katika moto huo alijifunza mambo matatu. La kwanza, hesabu ikae kichwani, kwa kuwa karatasi inaweza kuwa shahidi dhidi yako. La pili, asijue mtu mwingine, hata mwanao, kwa kuwa mtoto huropoka. La tatu, anayekula katika nyumba hii afanye kazi katika nyumba hii, kwa kuwa hapakuwa na fedha ya kumlipa mtu yeyote. Kwa hiyo usiri wa mzee haukutokana na ubahili wala ujinga. Ulikuwa ngao yake, na kwa ngao hiyo aliwalisha, aliwavisha na kuwasomesha hao hao wanaomlaumu leo. Kijana asiyelijua hili hana haki ya kumcheka baba yake.

Sasa tuwasikilize vijana. Huyu amesoma sekondari, na pengine chuo. Amewaona wenzake walioajiriwa wakilipwa mwisho wa mwezi na kwenda likizo. Anafahamu kuwa Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 imeweka saa 45 kuwa kikomo cha kazi ya kawaida kwa wiki, imempa mfanyakazi siku ya mapumziko kila wiki na siku 28 za likizo kwa mwaka. Amekua wakati ambapo fedha hutumwa kwa simu tangu mwaka 2008, na ambapo mashine za risiti za kielektroniki zilianza kutumika nchini mwaka 2010. Kwake yeye, hesabu iliyofichwa ni hatari, wala si usalama. Anafungua duka baada ya Swala ya Alfajiri na kulifunga baada ya Isha. Ana miaka 30, ana mke na watoto wawili, lakini akitaka fedha ya kununulia mtoto viatu hana budi kusimama mbele ya baba yake kama mwombaji. Mzee asiyeliona hili nalo, hana haki ya kumwita mwanawe mvivu.

Hata hivyo, vijana nao wana makosa yao, na hatutayafumbia macho. Wapo wanaotaka mshahara wa meneja ilhali hawataki kubeba gunia. Wapo wanaodhani kuwa biashara ni simu na kiti. Wapo wanaofuta mikopo yote ya wateja kwa siku moja, bila kujua kuwa mkulima wa vitunguu saumu wa Mbulu au wa mbaazi wa Hanang hana fedha hadi avune, na kwamba baba yao aliishi na wateja hao miaka 30 kwa kujua yupi hulipa na yupi husahau. Elimu hiyo haimo katika kitabu chochote cha shule, na mzee akiondoka bila kuwarithisha, duka hubaki na rafu tu.

Basi ni upande upi wenye haki? Ndugu zetu, dini yetu haikuufanya umri kuwa dalili. La zamani si sahihi kwa kuwa ni la zamani, wala jipya si sahihi kwa kuwa ni jipya. Tulirudishe kila jambo katika Qur'an na Sunna.

Katika jambo la kuandika, haki iko pamoja na anayeandika. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'an, ya 282 ya Suratul-Baqara, imekuja kuhusu kuandika madeni. Humo waumini wameamrishwa kuandika deni la muda maalumu, likiwa dogo au kubwa, na wameonywa wasichoke kuandika. Biashara ya papo kwa papo tu ndiyo iliyopewa ruhusa isiandikwe. Tuzingatie kuwa aya hii iliteremka kwa masahaba, watu waaminifu kuliko sisi. Kama wao waliamrishwa kuandika, vipi sisi tuone kuwa kuandikiana ni dalili ya kutoaminiana? Wahenga wetu nao walisema: mali bila daftari hupotea bila habari.

Katika jambo la ujira, hukumu ni nzito zaidi. Katika hadithi qudsi aliyoipokea Bukhari kutoka kwa Abu Hurayra, miongoni mwa watu watatu ambao Mwenyezi Mungu atakuwa hasimu wao Siku ya Kiyama ni yule aliyemuajiri mtu, akaipata kazi yake kwa ukamilifu, kisha asimpe ujira wake. Na ni maarufu hadithi ya watu watatu waliofungiwa pangoni, ambao mmoja wao aliutunza na kuuzalisha ujira wa kibarua aliyeondoka bila kuuchukua, hata ukawa kundi la wanyama. Alipomkabidhi wote, tendo hilo likawa miongoni mwa sababu za jiwe kusogea. Tujiulize, ni wangapi kati yetu wana vibarua waliopakia na kupakua magunia siku ya mnada, wakaambiwa waje kesho, na kesho hiyo haijafika mpaka leo?

Hapa tuwakumbushe wazee na vijana kwa pamoja. Wafanyakazi wengi wa maduka na mashine zetu katika wilaya hizi si Waislamu. Ni Wairaqw, Wadatoga, Wanyiramba na wengineo, na wengi wao ni Wakristo. Haki ya ujira haikufungamanishwa na dini ya mfanyakazi. Anayetaka kwenda kanisani Jumapili aruhusiwe, kama sisi tunavyofunga duka kwa ajili ya Swala ya Ijumaa. Anas bin Malik (R.A.) alimtumikia Mtume (S.A.W.) miaka 10, naye akasimulia kuwa hakupata kuguniwa wala kuulizwa kwa ukali kwa nini amefanya hili au ameacha lile. Lau vijana wa madukani kwetu wangeulizwa leo, wangesimulia nini kuhusu sisi?

Katika jambo la vipimo, tabia ya kujaza gunia kupita kiasi, yaani lumbesa, imewatajirisha baadhi ya wanunuzi wa mazao kwa jasho la mkulima. Suratul-Mutaffifin imefunguliwa kwa onyo kali kwa wanaopokea kwa ukamilifu na kutoa kwa upungufu. Kijana anayemwambia baba yake kuwa tununue kwa mizani hamvunjii heshima. Anamuokoa.

Sasa tufike kwenye kiini cha makala haya, ambacho ni haki ya mtoto mwenyewe.

Tuchukue mfano. Mzee ana watoto wanne, wanaume wawili na wanawake wawili. Mmoja wa wanaume alibaki dukani kwa miaka 20. Watatu walikwenda Arusha na Dar es Salaam, wakajenga maisha yao. Aliyebaki hakulipwa mshahara, alikuwa akiambiwa, "Mwanangu, kazi ya nini kuandikiana? Hili duka ni lako." Duka lilikua kutoka chumba kimoja hadi ghala na gari. Mzee akafariki. Baada ya matanga, ndugu watatu wanadai mirathi. Aliyebaki anasema duka ni lake, baba alimwambia. Wenzake wanasema duka ni la baba, na mali ya marehemu ni ya warithi wote. Ni nani mwenye haki?

Kisheria, wenzake wana hoja yenye nguvu. Neno la baba halikuwa zawadi, kwa kuwa hakumkabidhi duka akiwa hai bali aliendelea kulimiliki na kuliendesha. Wala haliwezi kuwa wasia, kwa kuwa Mtume (S.A.W.) amekataza wasia kwa mrithi, na warithi wenzake hawajaridhia. Ama kazi yake ya miaka 20, wapo wanafiqhi, hasa wa madhehebu ya Hanafi, waliosema kuwa mtoto anayefanya kazi na baba yake hali yumo katika nyumba na malezi yake, bila makubaliano mengine, huhesabiwa kuwa msaidizi wa baba, na chumo ni la baba. Na hata akidai ujira, ni kweli kuwa deni la marehemu hutangulia mirathi, kama zilivyobainisha aya za 11 na 12 za Suratun-Nisaa, lakini deni huhitaji ushahidi. Shahidi wake pekee amezikwa.

Basi kijana huyu aliyenyanyua duka kwa mgongo wake atapata fungu sawa na kaka yake aliyekuwa mjini. Dada zake nao, ambao mafungu yao yamewekwa na Mwenyezi Mungu mwenyewe, wataambiwa kuwa wamekuja kupora jasho la mwenzao, ilhali wanadai haki yao. Wote watafikishana Mahakama ya Mwanzo, na undugu utafia huko. Kosa si la sheria ya mirathi, ambayo ni uadilifu mtupu. Kosa ni la ukimya wa miaka 20.

Wapo wazee ambao huijibu hoja hii kwa hadithi isemayo kwamba mtu na mali yake ni vya baba yake. Hadithi hii ipo, na wanazuoni wengi wameieleza kuwa inahusu haki ya mzazi kutunzwa na kuchukua anachohitaji katika mali ya mwanawe. Haikuja kufuta umiliki wa mtoto. Lau mali ya mtoto ingekuwa milki ya baba, Qur'an isingempangia baba fungu maalumu la kumrithi mwanawe aliyefariki, kwani mtu harithi kilicho chake.

Tena tuwakumbushe kisa cha baba yake Nuuman bin Bashir (R.A.), aliyetaka kumpa mwanawe mmoja zawadi na kumshuhudisha Mtume (S.A.W.). Mtume alimuuliza iwapo amewapa wanawe wote mfano wa hiyo. Alipojibu kuwa hapana, Mtume akakataa kuishuhudia, na akawaamrisha watu wafanye uadilifu baina ya watoto wao. Kwa hiyo njia ya kumlipa aliyebaki dukani si kumpendelea kwa zawadi ya siri. Njia ni kumlipa ujira wake kwa kazi yake, au kumfanya mshirika kwa mkataba unaojulikana. Ujira si upendeleo, na ndugu zake hawana cha kulalamikia.

Je, mkataba kati ya wazazi na vijana ni jambo geni katika dini? Tusome Suratul-Qasas. Ni binti aliyemshauri baba yake amuajiri Musa (A.S.), akataja sifa mbili za mwajiriwa bora: nguvu na uaminifu. Mzee yule hakumkemea binti yake kwa kumfundisha kazi. Alisikiliza, kisha akamwendea Musa kwa masharti ya wazi: kazi ya miaka minane, na akitimiza kumi ni hiari yake. Naye Musa akayarudia masharti hayo na kumfanya Mwenyezi Mungu kuwa shahidi. Hawa walikuwa mkwe na mkwewe, mzee na kijana, wakikaa nyumba moja, na bado muda na malipo vilitajwa tangu siku ya kwanza. Ndani ya kisa hiki zimo haki za pande zote mbili: mzee anasikiliza, na kijana anatimiza.

Kwa msingi huo, tunatoa nasaha zifuatazo kwa familia zetu zenye biashara.

Kwanza, kila baba mwenye mtoto aliyebaleghe anayefanya kazi katika biashara yake amweleze bayana: je, wewe ni mwajiriwa, ni mshirika, au ni msaidizi kwa hiari yako? Jibu liandikwe na lishuhudiwe, na watoto wengine walijue, wakiwemo mabinti.

Pili, akiwa mwajiriwa, alipwe ujira unaojulikana, hata kama ni mdogo, na apewe siku ya mapumziko. Akiwa mshirika, fungu lake la mtaji na la faida litajwe. Jina la biashara linaweza kusajiliwa BRELA kwa majina ya washirika wote.

Tatu, daftari la madeni liwe na nakala, na nakala isikae chini ya kaunta ile ile. Kijana anayejua kutumia simu au kompyuta aisaidie familia katika hili, na mzee amfundishe kijana yasiyoandikika: tabia za wateja, misimu, na lini kununua na lini kungoja. Tukumbuke kuwa mwezi Agosti 2017, India ilipowekea mbaazi kikomo cha kuingizwa nchini mwake, bei iliporomoka hapa kwetu. Katika mtihani kama huo, busara ya mzee ya kutoweka mali yote mahali pamoja na taarifa za kijana kutoka mbali vinahitajiana.

Nne, vijana waombe haki zao kwa adabu. Asimwendee baba yake mbele ya wateja, wala kwa sauti ya juu. Amwendee nyumbani, baada ya swala, na kama ni lazima amchukue ami au mjomba anayeheshimika.

Tano, maimamu wasingoje waitwe kugawa mirathi. Mas-ala ya ujira, ushirika na mirathi yasomeshwe katika darsa za misikiti yetu, wanaume na wanawake wakihudhuria, kabla ya msiba na si baada yake.

Ndugu Waislamu, baba anayesema "kazi ya nini kuandikiana" hudhani kuwa anaulinda upendo. Ukweli ni kwamba anawaachia wanawe ugomvi ambao yeye hatakuwepo kuusuluhisha. Jambo ambalo leo linahitaji nusu saa ya mazungumzo, karatasi moja na mashahidi wawili, kesho litahitaji miaka ya kesi na halitarudisha undugu. Suratu Swad imetutahadharisha kuwa washirika wengi hudhulumiana, isipokuwa walioamini na kutenda mema, nao ni wachache. Tumuombe Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa miongoni mwa wachache hao, na usiku wa leo, kabla hatujalala, kila mmoja wetu akae na mwanawe au mzazi wake na kulianza jambo hili.

Wabillahi tawfiq.